Vumbi la Nyani wa Aama

Kuna watu wa kijijini kwetu Qurus ambao hadi leo wakiniona napita hawanisalimii kwa mdomo. Wananyoosha mikono mbele ya kifua, wanapiga ngoma hewani taratibu, ta-ta-ta, kisha ndipo wanauliza habari za masomo. Nawaitikia kwa adabu. Sina haki ya kukasirika, kwa kuwa jambo lenyewe nililifanya mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu (au zile zilizokuwa zimebaki), mbele ya kigango kizima, na nikilisimulia leo ni kwa sababu nimechoka kulisikia likisimuliwa vibaya. Lipo toleo moja Endabash linalodai kwamba nyani alikuwa hai.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mwezi wa nane, msimu ambao vumbi la Karatu huingia hata ndani ya yai, nikiwa na tasnifu yangu ya uzamili iliyorudishwa na msimamizi ikiwa na wino mwekundu pembeni mwa karibu kila aya. Niliwaambia watu kwamba nimekuja kupumzika. Ukweli ni kwamba mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka kila nikishika kalamu, na nilihitaji kazi ambayo ina mwanzo, ina mwisho, na haina mtu wa kuandika pembeni yake "fafanua". Bibi yangu, ambaye sisi wajukuu tunamwita Aama kwa Kiiraqw, aliitazama mikono hiyo jioni ya kwanza nilipokuwa nikimimina chai, akasema kwamba kesho atanipa kazi.

Kazi ilikuwa vichezeo vya bati. Aama alipokuwa msichana alilea watoto wa mwenye shamba moja la kahawa huku kwetu, na familia ile ilipoondoka nchini ilimwachia sanduku la mbao lenye vitu saba: basi jekundu, kichwa cha treni, farasi wawili, kuku wa kudonoa, gari la zimamoto lililopoteza ngazi, na nyani mwenye kofia aliyeshika ngoma, ambaye ukijaza ufunguo ulioko mgongoni anapiga. Vilikuwa vimekaa juu ya kabati la sebuleni tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Sasa Aama alitaka simtanki la kukingia maji ya mvua, na alikuwa amepatikana mnunuzi, Bwana Kisanga, anayekusanya vitu vya kale kwa ajili ya kupamba loji za kule karibu na lango la Ngorongoro.

"Visafishe, mgeni asije akasema hapa hapaishi watu," Aama aliniambia, akivishusha kimoja kimoja na kuvipanga mezani. Alipofika kwa nyani mkono wake ukasita, akamwacha palepale juu. "Huyu mwache alivyo. Usimfute, wala usimguse."

"Huyu hauzwi?"

"Hauzwi."

"Na kumpangusa tu, Aama? Kidogo?"

"Frasia," alisema, na mtu akishaitwa jina lake kwa sauti ile, mazungumzo yamekwisha.

Hilo ndilo jambo pekee ambalo bibi yangu aliniomba katika likizo ile nzima. Hakuniomba nichote maji, hakuniomba nimsomee. Aliniomba nisimguse nyani.

Nilisafisha vile sita kwa siku tatu, na naomba niaminiwe kwamba nilisafisha vizuri. Nilitumia brashi laini ya kupakia rangi, mswaki mpya, pamba za masikioni na fulana kuukuu iliyofuliwa mara mbili; kila hatua niliijaribu kwanza upande wa chini wa kitu, pasipoonekana, nikaandika matokeo kwenye daftari. Mikono ikatulia. Siku ya tatu, Jumamosi, vitu sita vilikuwa vinang'aa juu ya meza, na kule juu ya kabati alikuwa ameketi nyani mmoja mwekundu kwa vumbi, ananitazama kwa jicho moja (la pili lilikuwa limefunikwa kabisa). Mtu aliyekulia Karatu ataelewa jinsi jambo hili linavyotesa. Sisi tunafuta benchi kabla ya kukaa, tunafuta na la jirani, na mgeni akiondoka tunaangalia suruali yake kwa nyuma tuone kama tumemtia aibu. Vumbi kwetu halipewi nafasi, linaipora.

Aama alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya. Nikasimama kwenye kigoda nikaanza kutafakari, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, maana mimi nikiachwa na wazo peke yangu kwa robo saa nalipatia sura ya kwanza, ya pili na hitimisho. Aama amekataza kugusa. Lakini kugusa ni nini? Iwapo kinachokigusa kitu ni nywele za brashi, na mkono wangu umeshika mpini, je, nimegusa? (Niliandika swali hili kwenye daftari. Bado lipo. Sijathubutu kulifuta.) Nikahitimisha kwamba kusafisha si kugusa, nikaanza na kofia.

Baada ya kofia haikuwezekana kuacha uso, na baada ya uso mabega yalionekana kama ya mtu aliyevaa koti chafu. Nilipofika mgongoni nikaona ufunguo umeganda, umezungukwa na tope kavu la vumbi na mafuta ya zamani, gumu kama ukoko wa ugali. Nalisema hili kwa kujitetea: ufunguo sikuuzungusha. Nilichokifanya ni kuchukua kichupa cha mafuta ya cherehani ya Aama na kudondosha matone mawili, mawili tu, pale ufunguo unapoingilia, ili lile tope lilainike nilitoe kwa pamba. Nikasubiri dakika kumi kwa saa. Hakuna kilichotokea. Nikapangusa, nikamrudisha nyani mahali pake, nikashuka kwenye kigoda, nikamtazama.

Alikuwa anang'aa kuliko wote.

Aama angeingia, angeinua macho, basi. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo nadhani hakuna mwanamke mwingine wa Karatu aliyewahi kulifanya: nilitoka nje na chujio la chai, nikachota vumbi barabarani, nikarudi nikamnyunyizia nyani taratibu ili likae sawasawa. Lakini yale mafuta yalikuwa yametambaa. Vumbi likashika vipande vipande, mgongoni zito, kifuani halipo, na nyani akawa kama andazi lililodondoka uani. Nilijaribu kusawazisha, ikawa mbaya zaidi. Niliposikia fimbo ya Aama kwenye kokoto za njia, nilimzungushia nyani kanga, nikamtumbukiza chini kabisa ya kapu nililokuwa nimeliandaa kwa ajili ya vile sita, nikavipanga vyote juu yake, na pale alipokuwa amekaa nikaweka chupa ya chai. Aama anaona kwa shida jioni, hakugundua. Mpango wangu (ndiyo, ulikuwepo) ulikuwa kumuuliza Bwana Kisanga, mtaalamu wa vitu vya kale, namna ya kulirudisha vumbi.

Bwana Kisanga hakutaka kuteremsha gari lake kwenye njia yetu, tukakubaliana tukutane kanisani baada ya misa ya Jumapili. Ndiyo maana nilikwenda misani na kapu. Aama alikaa mbele na bibi wenzake; mimi nikakaa katikati ya benchi, upande wa dirishani, kapu miguuni, na kwa misa nzima jua lilikuwa likilipasha joto. Sikulifikiria jua. Nilifikiria mambo mengi sana siku ile, lakini jua hapana.

Baada ya komunyo Padre aliketi, kwaya ikanyamaza, kikashuka kile kimya ambacho hata watoto wanakiheshimu. Ndipo nikasikia, kutoka miguuni pangu: ta.

Nikafikiri ni mbao za benchi.

Ta. Ta-ta.

Watu wakageuka kumtazama Paskali, mpiga ngoma wa kwaya, ambaye anajulikana kwa kusinzia na vijiti mkononi. Paskali akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa. "Si mimi, jamani! Mikono hii hapa!"

Ta-ta-ta-ta.

"Kama ni simu, izimwe," alisema Padre kwa upole.

Mama Theodora, jirani yetu, aliyekaa ubavuni kwangu, akainama, akasikiliza, kisha akaninong'oneza kwa mnong'ono uliofika hadi sakristia: "Frasia mwanangu, kapu lako linapiga ngoma."

Nikalibana kwa miguu. Sauti ikawa nzito, ya ndani, ya kutisha zaidi. Nikalifunika kwa mtandio. Ikanyamaza, nikamshukuru Mungu, ikaanza tena kwa kasi mpya, kwa kuwa yale mafuta, kama nilivyoelewa baadaye, yalikuwa yanaendelea na safari yao gurudumu moja baada ya jingine. Niliona njia moja tu: kutoka. Nikanyanyua kapu, nikaanza kupita mbele ya magoti ya watu sita nikisema "samahani, samahani, tumsifu, samahani", na nilipofika goti la mwisho mkono wa kapu ukanasa kwenye mwavuli wa Mama Theodora, mimi nikaenda mbele, kapu likabaki nyuma.

Basi jekundu liliteremka katikati ya kanisa kwa magurudumu yake yote manne. Kichwa cha treni kilifuata. Farasi walianguka kifo cha kawaida. Kuku alidonoa mara moja. Na nyani, ee Mungu wangu, nyani alijiviringa kutoka ndani ya kanga, akazunguka, akasimama wima kwa miguu yake miwili katikati ya njia, uso kwa altare, mwili umejaa tope la vumbi, akaendelea kupiga ngoma kama aliyealikwa.

Hakuna aliyecheka. Natamani wangecheka. Katekista alikuwa ameshaanza kuja kwa hatua kubwa, na mimi nikapiga magoti, nikanyoosha mkono nimfunike.

"Usimshike!"

Ilikuwa sauti ya Aama. Sijawahi kumsikia akiinua sauti kanisani. Huyu ni mwanamke anayekohoa kwa ruhusa. Alikuwa amesimama kwenye benchi la mbele, fimbo mkononi, amegeuka, na kilemba kimeteleza kidogo.

"Lakini mama, misa..." alianza Katekista.

"Mwacheni amalize."

Katekista akamtazama Padre. Padre akamtazama Aama, ambaye sasa alikuwa anakuja taratibu kwenye njia, fimbo na hatua, fimbo na hatua, na sijui Padre aliona nini usoni mwake lakini alibaki ameketi, akaweka mikono magotini. Aama akafika, akasimama juu yetu wawili, mimi na nyani, ameinamisha sikio upande mmoja. Ngoma ikapungua. Ta-ta. Ta. Nyani akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. Ta. Kikapita kimya kirefu kiasi kwamba nilidhani imekwisha, kisha kijiti cha kulia kikapanda juu polepole, kikakaa pale, kikitetemeka, na watu wote wa kigango kile (naapa nilisikia) wakazuia pumzi. Kikashuka. Ta.

Aama akacheka.

Alicheka kicheko cha msichana, mkono mdomoni, mabega yanaruka, machozi yanateremka kwenye mikunjo ya uso, na Mama Theodora akakidaka kicheko kile, na Paskali, na baada ya hapo kanisa lote, hata Katekista aliyekuwa amegeukia ukuta. Padre alisubiri, akasimama, akasema, "Tuombe," na sauti yake yenyewe haikuwa imara.

Nje, Bwana Kisanga (alikuwa amefika mapema, akakaa benchi la nyuma, akaona kila kitu) alikuja moja kwa moja kwa nyani.

"Huyu ndiye ninayemtaka, mama. Niambie bei wewe."

"Huyo si wa kuuzwa," alisema Aama, amemshika nyani kifuani, tope linachafua gauni la Jumapili. "Chukua hao wengine. Mjukuu wangu amewang'arisha."

Bwana Kisanga akaligeuza basi jekundu, akalipitishia kidole, akaguna. "Dada, nani alikutuma uvisugue hivi? Wageni wa loji wanataka waone miaka imekaa juu yake. Mimi nanunua vumbi, bati napewa kama nyongeza." Hata hivyo alivichukua vyote sita, nadhani kwa huruma, na simtanki lilipatikana, dogo kuliko lile alilolitaka Aama. Nilikuwa nimemharibia mara mbili kwa brashi ileile.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimetayarisha msamaha wenye sehemu tatu. Tulipofika kwenye mti wa msonobari ulioko kwenye mpaka wa shamba, Aama akakaa juu ya jiwe kupumzika, akamweka nyani mapajani.

"Babu yako," alisema, "alikuwa amejaza ufunguo."

Babu yangu sikumjua. Najua alikuwa Mnyiramba aliyetoka Singida kuja kufanya kazi ya kupakia kahawa kwenye lile shamba, kwamba ndugu zake Aama hawakumtaka, na kwamba alikufa mama yangu akiwa tumboni. Hayo mengine Aama alinisimulia pale juu ya jiwe, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza jinsi ya kupika kitu.

"Alimpa jirani mbegu zetu za maharage bila kuniuliza. Zote. Nikamnunia siku mbili. Ya tatu asubuhi nakunywa uji, akamshusha nyani, akajaza ufunguo mpaka mwisho, akamweka mbele ya bakuli langu, kwa sababu alijua huyu akipiga mimi siwezi kujizuia. Akapiga mara tatu, akakwama. Babu yako akasema, 'Unaona? Hata nyani anakuogopa. Nikirudi nitamfungua, na utacheka, upende usipende.' Nilitaka kucheka, Frasia. Nikabana midomo hivi. Akapanda lori la kahawa, na lori halikufika."

Upepo ukaleta vumbi, tukafumba macho wote wawili kwa mazoea.

"Kwa hiyo alichokijaza kilikuwa bado humo," nilisema.

"Kilikuwa humo. Nilikuwa nikimtazama pale juu najua kimo. Nilimwacha na vumbi lake nikijua ndilo lililomshika."

Zile sehemu tatu za msamaha zilinipotea. Nikasema tu, "Nimekimaliza, Aama. Nisamehe. Nimekitoa chote."

Alifuta jicho la pili la nyani kwa ncha ya kidole gumba. "Ungeniuliza, ningekukatalia. Ungetii, ningekufa sijakisikia. Lakini usijisifu, uliiba." Akamgeuza nyani uso kwake. "Lakini kile kijiti mwishoni. Ulikiona kilivyokaa juu? Babu yako alikuwa vilevile. Mtani mpaka mwisho."

Na akacheka tena, kidogo, peke yake, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza tangu nilipopokea ile tasnifu, na sikuwa nikiilia tasnifu.

Siku ya kuondoka kwangu kurudi chuoni, begi likiwa mlangoni, Aama alimshusha nyani akanipa. "Mjaze."

Nikazungusha ufunguo. Mikono haikutetemeka. Ulipokaza, akanionyesha kijiti kidogo cha chuma chini ya mguu, cha kumzuia asipige, kile ambacho siku ile ya chujio sikukiona pamoja na pamba zangu zote za masikioni. "Kisukume hapo. Ndiyo. Sasa mrudishe juu."

"Hutaki kumsikia?"

"Leo upo. Ukishaondoka nitamtazama nijue kimo," alisema.

Tasnifu nimeiandika upya, na aya kadhaa nimeziacha na kasoro zake. Kuhusu mengine, nimejiwekea sharti moja: sifuti kitu cha mtu, hata meza, hata benchi, kabla sijauliza kinamngoja nani. Rafiki zangu wa bwenini wananiona nimekuwa mvivu. Kila Jumapili nampigia Aama simu, tunasalimiana, ananieleza maji yamefika wapi kwenye tangi, na mwishoni namuuliza habari za nyani.

"Yupo. Amenyamaza," ananijibu. "Ameanza kushika vumbi."

"Mwache alivyo, Aama," namwambia.